Maoni Yetu: Barua ya "hatuna pingamizi" iwe na kanuni

Kona ya chini ya fomu DS-2019 ina visanduku vidogo ambavyo ofisa wa viza hutia alama siku ya usaili. Kijana aliyepata nafasi ya kwenda Marekani kwa viza ya J-1, ile ya wanaokwenda kwa mipango ya mafunzo na mabadilishano, mara nyingi havitazami. Mawazo yake yako kwenye tiketi, kwenye koti la baridi, na kwa wazazi wanaosubiri kusikia kama amepata. Miaka mitatu baadaye anapata mwajiri huko, au anafunga ndoa huko, ndipo anapoambiwa kwamba alama ile ilimtaka arudi kwao akae miaka miwili kwanza.

Sharti lenyewe limo katika kifungu cha 212(e) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani. Linamhusu aliyegharimiwa na serikali yake au ya Marekani, mwenye taaluma iliyo kwenye orodha ya ujuzi unaohitajika nchini kwake, na daktari aliyekwenda kusomea ubingwa hospitalini. Kabla ya kutimiza miaka hiyo hapati viza ya kazi ya H wala ya L, na ukaazi wa kudumu hapewi hata akiwa ameoa Mmarekani. Miaka miwili ya Toronto au Dubai haihesabiwi. Mke na watoto waliomfuata kwa J-2 nao wamefungwa na sharti hilo hilo.

Hatulipingi. Nchi inayompeleka mtu wake akasome ina haki ya kumwona tena. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka njia za kuomba msamaha, na mojawapo iko mikononi mwa serikali zetu wenyewe: barua ya ubalozi inayosema kwamba nchi haina pingamizi mtu huyu asiporudi. Mwombaji haipeleki mwenyewe. Ubalozi ulioko Washington ndio unaoituma moja kwa moja kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, nayo ikiridhika hupendekeza kwa idara ya uhamiaji, ambayo ndiyo yenye neno la mwisho.

Kwa hiyo mtu anaweza kujaza fomu yake vizuri, akakusanya nakala ya kila DS-2019 aliyowahi kupewa, kisha akakaa akisubiri karatasi moja kutoka kwao. Muda wa viza unakwisha huku mwajiri anauliza. Wakati kama huo si haki raia aanze kutafuta nani anamjua nani ubalozini. Tunataka kila serikali ya Afrika Mashariki iandike hadharani nani anastahili barua hiyo, alete nini, na atajibiwa ndani ya siku ngapi. Akikataliwa, aelezwe sababu kwa maandishi.

Kanuni hizo zisiwe za kugawa barua ovyo. Aliyesomeshwa kwa fedha za hazina yetu arudi kutumikia, au arejeshe kilichotumika, ndipo tuzungumze barua. Kwa aliyesoma kwa fedha za chuo cha huko, katika fani ambayo hapa haina maabara wala ajira, hatuoni faida ya kumzuia. Mtu huyo akiwa na kazi nzuri atawasaidia ndugu zake, na huenda akawafungulia wenzake mlango.

Madaktari ndio wanaotuumiza zaidi. Daktari hawezi kwenda kusomea ubingwa kwa J-1 mpaka wizara ya afya ya nchi yake iandike kwamba nchi inauhitaji ubingwa huo, na yeye mwenyewe aahidi kurudi. Akimaliza, barua ya "hatuna pingamizi" haimsaidii, maana sheria imemfungia njia hiyo. Lakini tangu 1994 upo mpango unaoitwa kwa jina la seneta Kent Conrad wa North Dakota. Leo kila jimbo linaweza kuwaombea msamaha madaktari 30 kwa mwaka, nao hufanya kazi miaka mitatu mahali penye uhaba wa madaktari. Wamarekani wa vijijini wanahitaji daktari kweli, na hatumlaumu anayekwenda kuwatibu. Tunaiuliza wizara iliyotia saini kwamba inamhitaji: je, iliwahi kumwandikia barua hata moja katika miaka yote ya mafunzo yake, kumweleza kwamba ipo hospitali inayomsubiri, mshahara huu, vifaa hivi? Ahadi ile ilikuwa ya pande mbili.

Kwa walioko huko tayari, tunasisitiza mambo mawili. Aliye na shaka kama sharti linamhusu aiombe Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani itoe maelezo rasmi, kwa sababu alama ya kwenye fomu ni maoni ya awali tu na huweza kukosewa. Pia asiharakishe kuomba msamaha wakati bado anahitaji kuongezewa muda wa masomo: wizara hiyo ikishapendekeza asamehewe, muda wa J-1 hauongezwi tena.

Na kwa wanaoondoka mwaka huu, wizara zetu za elimu na za afya ziwaeleze sharti hili kwa Kiswahili, ana kwa ana, kabla hawajaenda kwenye usaili.