Kitabu Kisicho na Kurasa za Mwisho

Nilikuwa kidato cha pili, Tanga, nilipoazimwa *Mzimu wa Watu wa Kale* na rafiki ambaye naye alikuwa ameazimwa. Kitabu kilishapita mikono mingi. Jalada halikuwepo, na kurasa zilishikizwa kwa uzi mweusi wa kushonea. Nilikisoma usiku kwa kibatari mpaka mama akanigombeza kwa kumaliza mafuta ya taa. Nikafika mahali mpelelezi Bwana Msa anapokaa kueleza nani kaua na kwa nini, na hapohapo kitabu kikakatika. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, pengine zikafungiwa karanga. Kesho yake nilimwendea mwalimu wa Kiswahili, kisha fundi baiskeli wa mtaani kwetu aliyesifika kwa kusoma, kisha shangazi. Wote watatu walikuwa wamekisoma zamani, na kila mmoja akanitajia muuaji wake kwa uhakika kabisa. Wiki nzima sikulala vizuri.

Hali ile hunirudia kila linapozuka swali la kwa nini watu wa rika zote wanashinda na hadithi za uhalifu: filamu za majambazi, tamthilia za upelelezi zenye sizoni sita, na sasa podikasti na simulizi za kusikiliza kwenye simu mtu akiwa anaosha vyombo. Wapo wanaojibu kwamba binadamu anapenda damu. Wapo, wazazi hasa, wanaosema hadithi hizi zinawafundisha vijana ujambazi. Nadhani wote wanatazama mahali sipo. Maiti ya kitabu kile niliipata mapema, nikaipita. Kilichonitesa ni kwamba mtu ameuawa, na aliyemuua hajatajwa.

Aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, analijua hili. Benchi la mbao lisilo na mgongo, shuka kuukuu mlangoni badala ya pazia, joto la watu arobaini, na juu ya makelele ya filamu ya kigeni sauti ya msimulizi Lufufu ikitafsiri na kuongeza ya kwake, ikituonya nani wa kumwangalia kwa jicho la pili. Risasi zikilia watu waliendelea kutafuna miwa. Lakini jambazi akijibanza nyuma ya mlango na steringi, shujaa wa filamu, anakuja bila habari, kibanda kizima kilisimama: "Nyuma yako! Nyuma yako!" Na mtoto mdogo akianza kulia, mkubwa wake alimtuliza kwa maneno mawili ambayo kila mtoto wa mjini aliyajua: steringi hafi. Kiingilio chetu kililipia ahadi ile. Tulijua kwamba kabla umeme haujakatika, aliyeonewa atapata mtetezi na mwovu atajulikana kwa jina.

Kiswahili kimeijua hamu hii mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyekuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 kwa hadithi ile niliyoisoma kwa kibatari, nayo ikachapishwa 1960. Bwana Msa na kiko chake ana udugu wa wazi na Sherlock Holmes, ila kazi inayomkabili ni ya kwetu. Mahali ambapo watu wako tayari kusema mzimu umeua, yeye anauliza nani alikuwa wapi na saa ngapi. Hana bunduki wala mamlaka ya kumkamata mtu. Anachotegemea ni kuuliza na kusikiliza. Kwangu mimi huyo bado ndiye mpelelezi mkubwa kuliko wote tulionao, kwa sababu anamwonyesha msomaji kwamba raia wa kawaida anaweza kudai maelezo.

Ikaja miaka ya 1970, hofu ikahama. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* (1974), mpelelezi wa serikali aliyekabiliana na maadui wa ukombozi. Adui alitoka nje, na dola ilikuwa upande wa haki. Joram Kiango wa Ben Mtobwa alipoingia, jiji lenyewe lilikuwa limeanza kutiliwa shaka. Vitabu hivi vinastahili makala yao, kwa hiyo napita. Lakini mtu akitaka kujua watu wa zama fulani walimwogopa nani, aangalie nani amepewa nafasi ya muuaji katika hadithi zao.

Ndiyo maana *Nairobi Half Life* ilinishtua. Filamu hii ya David "Tosh" Gitonga ya 2012, ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar, inaanza na kijana wa kijijini, Mwas, anayeuza filamu za mapigano kwa kuziigiza mbele ya wateja, anaruka huku na huku, milio ya risasi inamtoka mdomoni. Ni mtoto wa kibanda umiza kama sisi. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa mara tu anapofika, anatupwa mahabusu, na mwishowe anajikuta kwenye genge la wezi wa vipuri vya magari. Joseph Wairimu, aliyemwigiza, alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban mwaka uleule. Sitautoboa mwisho wote kwa ambaye hajaiona. Itoshe kusema kwamba polisi wa filamu ile hawamtafuti muuaji. Wanadai mgawo wao, na risasi inayoogopwa kuliko zote inatoka kwao. Ahadi ya steringi hafi imevunjwa mbele ya macho yetu, na bado watu waliipenda filamu ile kwa dhati, kwa sababu hatimaye mtu alikuwa amesema wanachokijua.

Miaka minne baada ya filamu hiyo, Juni 2016, wakili Willie Kimani alitoka mahakamani Mavoko pamoja na mteja wake, mwendesha bodaboda Josephat Mwenda aliyekuwa amemshtaki polisi kwa kumpiga risasi, na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Miili yao iliopolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk. Katika ushahidi kulikuwa na kipande cha karatasi alichokiandika Kimani akiwa kizuizini kwenye kituo cha polisi na kukitupa nje, akiomba mkewe apigiwe simu. Kipande kile ninakifikiria mara nyingi. Mwandishi wa hadithi za kubuni angekipata kama kidokezo angefurahi, na mhariri angemwambia kimezidi. Julai 2022 polisi watatu na raia mmoja walitiwa hatiani, na Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja wao kifo. Miaka sita na zaidi. Ilikuwa mojawapo ya kesi chache za aina hiyo zilizopata ukurasa wa mwisho.

Nyingine hazikuupata. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, alipatikana amekufa karibu na kilima cha Got Alila mnamo Februari 1990. Wapelelezi wa Scotland Yard waliletwa. Tume ya uchunguzi iliundwa, ikavunjwa 1991 kabla haijamaliza kazi. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Nenda Kisumu au Nairobi ukakae na watu wazima, utasimuliwa kisa hicho kama nilivyosimuliwa na mwalimu, fundi baiskeli na shangazi: kila mmoja na muuaji wake, kila mmoja na uhakika wake. Kitabu cha taifa kimechanwa kurasa, na wasomaji wanajijazia. Tamthilia ya saa moja inayomalizika mtuhumiwa akiwa na pingu mikononi inampa mtazamaji wa namna hiyo kitu alichonyimwa, nami simwoni kuwa mtu wa kupenda damu.

Upande wa pili una hoja, na sitaki kuipita juujuu. Msomi wa Marekani George Gerbner alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba anayetazama televisheni kwa wingi huanza kuiona dunia kuwa katili kuliko ilivyo. Naliona hilo kwa jirani zangu wanaofunga komeo saa kumi na mbili jioni. Lakini tuangalie ni nani hasa anayesikiliza. Utafiti wa taasisi ya Pew wa 2023 ulionyesha kwamba kati ya Wamarekani wanaosikiliza podikasti, asilimia 44 ya wanawake husikiliza mara kwa mara zile za uhalifu wa kweli, dhidi ya asilimia 23 ya wanaume. Amanda Vicary na Chris Fraley walikuwa wameandika mwaka 2010 kwamba wanawake huvutwa zaidi na visa ambavyo mtu anaweza kujifunza kitu cha kumwokoa: namna mhanga alivyojinasua, dalili alizozikosa mwanzoni.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alinieleza jambo hilohilo bila kusoma utafiti wowote. Akipanda bajaji usiku anamtumia rafiki yake namba ya usajili, na anaongea na simu kwa sauti ya juu hata kama upande wa pili hakuna mtu. "Nimejifunza kwenye simulizi, mjomba," aliniambia. Nilinyamaza. Mimi katika umri wake nilikuwa najifunza namna ya kurusha teke. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, wakiwa na mabango yenye majina ya waliouawa. Mwanamke anayeishi katikati ya habari kama hizo akisikiliza kisa cha mauaji, hofu alikuwa nayo tayari kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo ninazitetea hadithi hizi, zile za kubuni bila masharti. Shaka yangu inaanzia kwenye visa vya kweli. Podikasti ya *Serial* ya Sarah Koenig, iliyoanza Oktoba 2014, ilichukua mauaji ya msichana wa sekondari, Hae Min Lee, yaliyotokea Baltimore 1999, na kuuliza kama kweli aliyefungwa, Adnan Syed, ndiye aliyeua. Mamilioni walisikiliza wiki baada ya wiki. Syed aliachiwa Septemba 2022, hukumu ikarudishwa 2023 kwa rufaa ya familia ya marehemu, na Machi 2025 jaji akaamua abaki huru ingawa hatia imesimama. Kazi ya namna hii inaweza kuokoa mtu: filamu ya Errol Morris ya 1988, *The Thin Blue Line*, ilisaidia kumtoa gerezani Randall Adams, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji ya polisi wa Dallas. Lakini siku ile ya Septemba Syed alipoachiwa, ndugu wa kiume wa Hae aliiambia mahakama kwamba kwake hii si podikasti, ni maisha yake. Sisi wasikilizaji tulikuwa tumezoea sauti ya Syed kwenye simu ya gerezani. Ya Hae hatukuweza kuisikia, na wengi hatukuona kwamba inakosekana.

Hapa kwetu ni vibaya zaidi. Nimesikiliza simulizi ya mauaji ya mwanamke mmoja, yaliyotokea wilaya jirani na kwetu, kwenye chaneli yenye wafuasi wengi. Muziki wa kutisha, picha ya mwili bila hata kitambaa, tangazo la mkopo katikati. Muuaji alielezwa utoto wake, akili yake, mapenzi yake. Mwanamke alielezwa umbo na jinsi alivyovaa. Nilikaa na simu mkononi nikiwafikiria wanawe, ambao siku moja wataandika jina la mama yao kwenye simu zao na kuletewa kitu kile. Hakuna sheria ninayoiomba. Ninachoomba kwa wasimulizi wetu, ambao wengi wana kipaji kikubwa cha sauti, ni kwamba wamwulize mtu wa familia kabla ya kurekodi, na picha ya mwili waiache.

Nikipata simulizi inayoanza na jina la marehemu, kazi aliyoifanya na mtaa aliokuwa akiishi, nitaisikiliza mpaka mwisho, hata kama mwisho wenyewe bado haujapatikana.