Kinasa cha ajali ndani ya gari: ushahidi unaopotea gereji kabla ya kufika mahakamani

Novemba 2, 2011, gari la serikali lililokuwa likiendeshwa na Naibu Gavana wa Jimbo la Massachusetts nchini Marekani, Tim Murray, liliacha njia na kuharibika vibaya. Kiongozi huyo alinusurika, na alieleza kuwa alikuwa amefunga mkanda na hakuwa amezidisha mwendo. Miezi miwili baadaye polisi wa jimbo walitangaza kilichosomwa kwenye kinasa cha gari hilo. Mwendo ulikuwa umefikia maili 108 kwa saa, sawa na takriban kilomita 174, na mkanda haukuwa umefungwa. Alitozwa faini ya dola 555.

Kinasa hicho si boksi la pekee kama lile la ndege. Ni sehemu ya kompyuta ndogo inayoamuru mifuko ya hewa ifunguke, ambayo kwa kawaida hufungwa katikati ya gari, chini, karibu na viti vya mbele. Gari linapogongwa, kompyuta hiyo huhifadhi sekunde chache zilizotangulia pamoja na muda mfupi wa mgongano wenyewe. Huonyesha mwendo, kiasi cha kukanyagwa kwa mafuta, iwapo breki ilikanyagwa, iwapo dereva alifunga mkanda, na wakati mfuko wa hewa ulipofunguka. Hakinasi sauti wala picha, na hakisemi gari lilikuwa mahali gani.

Kifaa hiki sasa kinaingia katika sheria za nchi nyingi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 7, 2024, kila gari dogo jipya linalosajiliwa linapaswa kuwa nacho, na kwa aina mpya za mabasi na malori sharti hilo lilipangiwa kuanza Januari 2026. Nchini Marekani, kanuni iliyotolewa Desemba 2024 inarefusha kumbukumbu ya kabla ya ajali kutoka sekunde 5 hadi 20, na vipimo kutoka viwili hadi kumi kwa kila sekunde. Tofauti hiyo si ndogo. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata mita zipatazo 139 katika sekunde 5, umbali ambao mara nyingi hauonyeshi kosa lilianzia wapi. Katika sekunde 20 hukata zaidi ya mita 550, na hapo hata namna dereva alivyoanza kulipita gari jingine huweza kuonekana.

Hata hivyo, taarifa kuwamo ndani ya gari ni jambo moja, na kuzitoa zikiwa salama ni jambo jingine. Mfumo wa umeme ukiwa mzima, mtaalamu huunganisha waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ile ile ambayo mafundi huitumia kupima hitilafu, akawasha swichi na kusoma kwa kompyuta mpakato. Gari likiwa limepondeka, kompyuta ya mifuko ya hewa hufunguliwa na kusomwa mezani kwa waya wake maalumu. Vifaa vya kampuni ya Bosch husoma magari ya watengenezaji wengi, lakini baadhi, kama Tesla, wana vifaa vyao wenyewe.

Hatari iko katika siku zilizo kati ya ajali na usomaji huo. Mifuko ya hewa ikifunguka, kumbukumbu hufungwa na tukio jingine haliwezi kuifuta. Mgongano usiofungua mifuko unaweza kufutwa na tukio litakalofuata, hivyo gari lililogongwa kidogo likaendeshwa tena huenda likapoteza ushahidi wake lenyewe. Na upotevu mkubwa zaidi hufanywa kwa mikono, tena bila nia mbaya. Fundi anayerejesha mifuko ya hewa hulazimika kubadili kompyuta ile, au huisafisha kumbukumbu yake ili itumike tena. Gari hutoka gereji likiwa zima, na ushahidi umekwenda na takataka.

Usomaji nao unahitaji mtu anayejua mipaka yake. Mwendo unaoandikwa kwa kawaida hutokana na mzunguko wa magurudumu. Matairi yakiserereka, au yakiwa yamebadilishwa kwa ukubwa usio wa gari lile, namba hukengeuka. Kwa breki, kinasa hueleza kuwa kanyagio lilikanyagwa. Hakielezi kuwa breki ilishika. Hapa ndipo dai la kila siku la “breki zilikatika” linapopata kipimo. Kanyagio likionekana kukanyagwa huku mwendo haupungui, dereva amepata shahidi, na mkaguzi wa magari amepata pa kuanzia.

Aprili 19, 2019, katika eneo la Ikebukuro jijini Tokyo, gari aina ya Prius lililoendeshwa na mzee wa miaka 87 liliua mama na binti yake wa miaka 3. Dereva alidai gari lilikuwa na hitilafu. Rekodi za gari zilionyesha mafuta yamekanyagwa na breki haikuguswa, na Septemba 2021 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 5. Rekodi hizo hizo zingeweza kumwokoa, kama mguu wake ungekuwa kwenye breki.

Je, taarifa hizo ni za nani? Sheria ya Marekani ya mwaka 2015 inasema ni mali ya mmiliki au mkodishaji wa gari. Mwingine huhitaji ridhaa yake au amri ya mahakama, isipokuwa katika mambo machache kama uokoaji na utafiti wa usalama. Ulaya imezielekeza kwenye utafiti na uchambuzi wa ajali bila kumtambulisha mmiliki. Njia ya Marekani inaonekana kumfaa zaidi mtu anayetafuta haki katika ajali moja mahususi.

Kwa Tanzania suala hili haliko mbali, kwa kuwa magari mengi yaliyotumika huingia kutoka Japani, nchi iliyoanza kuvitaka vinasa hivi katika aina mpya za magari Julai 2022. Havipaswi kuchanganywa na mfumo wa kufuatilia mabasi unaosimamiwa na LATRA, ambao hutuma mwendo na mahali basi lilipo wakati wa safari. Kinasa hubaki kimya hadi gari ligongwe.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, na huitaka mahakama izingatie namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inagusa pale ambapo rekodi inaweza kuhusishwa na mtu anayejulikana. Kwa msingi huo, kompyuta iliyofunguliwa gereji bila kuandikwa nani aliifungua, lini, na kutoka gari la namba gani, itakuwa na nguvu ndogo hata kama namba zake ni sahihi. Mmiliki mwenye shauri la ajali ana sababu ya kuwaandikia polisi na kampuni ya bima mapema, kabla gari halijakabidhiwa kwa fundi au kuuzwa kama vipuri, akiomba kompyuta ya mifuko ya hewa isibadilishwe wala kusafishwa hadi isomwe.