Kabla ya Mradi, Tutafute Watu

Sisi watu wa pwani tukisikia neno kware, au kwale kama wasemavyo wengine, twamkumbuka ndege, yule akimbiaye vichakani na asiyeruka mpaka abanwe kabisa. Wako wasemao kwamba ndiye aliyeipa Kwale yetu ya kusini jina lake. Lakini mtu wa bara akitaja kware ana maana nyingine. Kwake kware ni shimo la kuchimbwa mawe ya kujengea, neno lililotoka kwa Waingereza likapigwa randa vinywani mwa wafanyakazi hata likawa letu. Mombasa shimo hilo twaliita timbo, kwa kuwa ndiko watu watimbako, na wenye Kiswahili sanifu husema machimbo. Najua wako wazee wenzangu watakaokunja nyuso kwa kuliona neno kware gazetini kwa maana hiyo ya mawe. Mimi sina ugomvi nalo. Neno lililokubaliwa na watu wa jasho lina haki ya kuishi, na huko Kajiado limekwisha kuwa hata jina la mtaa.

Nimeanza na neno hili kwa sababu mashimo ya mawe ya huko Kajiado ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu juu ya jambo ambalo limenikera kwa miaka mingi, nalo ni jinsi tunavyoanzisha miradi yetu kwa kinyumenyume. Kwanza twatafuta fedha. Kisha twatafuta ubao wa kuandikia jina. Kisha mgeni wa heshima wa kuja kukata utepe. Mwisho kabisa, siku ya kazi imefika, ndipo tunapoulizana: hivi, nani atafanya? Na hapo huingia mpwa wa fulani, na shemeji wa fulani, na kijana mmoja aliyekuwa hana la kufanya.

Watu wa kware hawafanyi hivyo. Ukisimama ukingoni mwa shimo utawaona, ndugu msomaji, kila mmoja ameshika lake. Yuko wa kuondoa udongo wa juu mpaka mwamba uonekane. Yuko wa kutoboa na kutia kabari, ambaye kazi yake yote ni kuujua mshipa wa jiwe, kwamba hapa litakubali na hapa litakataa. Yuko mchongaji na nyundo yake na tindo, akilipa jiwe pembe zake nne. Wako wa kubeba mpaka juu, na wa kupakia, na dereva na utingo wake. Malipo huenda kwa hesabu ya mawe na si kwa hesabu ya saa. Basi mpasuaji akikosea mshipa, pande zima huvunjika likawa kokoto, na mchongaji aliyekuwa akilingoja hubaki na nyundo mkononi.

Nilimwuliza mchongaji mmoja pale, mtu wa makamo, mabega yamejaa vumbi jeupe, wanawapataje wenzao. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Mzee, huyu akipasua vibaya, mimi leo nalala na deni dukani," akasema, huku akimwonyesha mpasuaji kwa kidevu. "Sasa nitamchukua kwa sababu ni binamu yangu?" Binamu yake alikuwapo, kwa kweli, lakini alikuwa upande wa kupakia.

Hapo nilikumbuka majahazi. Zamani, pepo za kaskazi na kusi zilipokuwa ndizo kalenda ya pwani hii, nahodha hakuwalipa mabaharia mshahara wa mwezi. Nauli ikikusanywa mwisho wa safari, gharama za chombo hutolewa, kisha inayobaki hugawanywa kwa mafungu: mwenye chombo lake, nahodha lake, sarahangi lake, na kila baharia kwa kadiri yake. Safari ikiwa njema kila mtu hushukuru, na ikiwa mbaya kila mtu huona njaa. Ndiyo maana nahodha mwenye akili aliwakusanya watu wake kabla ya kuikusanya shehena, na baharia mwenye akili naye alimpeleleza nahodha kabla ya kutia mguu chomboni. Waliokuwa wamefungwa pamoja kwa faida na hasara hawakuhitaji kuhubiriwa umoja.

Kinyume cha hayo nimekiona kwa macho yangu. Niliwahi kuketi katika kamati ya mradi mmoja hapa pwani, ambao jina lake nitalistiri, wa kukarabati jengo la kale. Tulikuwa watu kumi na wanne. Kulikuwa na wanasiasa, wafanyabiashara, mwalimu mstaafu na mimi mshairi, kwa kuwa nadhani walitaka mtu wa kutunga beti za siku ya ufunguzi. Mwashi hakuwapo hata mmoja. Tulikutana mwaka mzima, tukanywa chai nyingi, na kila kikao kilifunguliwa kwa dua na kufungwa kwa dua. Mvua za masika zilipokuja ukuta wa nyuma ulianguka, na ndipo akaitwa fundi, akatwambia kwa adabu kwamba lau angaliitwa mapema angaliuegemeza kwa boriti sita. Katika wale kumi na wanne, hapana hata mmoja aliyepungukiwa na kitu kwa kuanguka kwa ukuta ule. Hilo ndilo lililokuwa tatizo letu, si uhaba wa fedha.

Sasa turudi Kajiado, maana huko kuna kisa kikubwa kuliko cha kamati yangu. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina seng'enge pande tatu. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uko wazi kuelekea tambarare za Kitengela na Kaputiei, na huko ndiko nyumbu na punda milia walikokuwa wakitoka wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Ardhi hiyo ni ya Wamaasai, na ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa watu binafsi katika miaka ya 1980. Kila mtu alipopata hati yake, akawa huru kuuza, kulima, kuzungushia waya, au kuchimba kware. Mji ukaja mbio. Nyumbu waliokuwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 wakapungua hata wakabaki elfu chache.

Mwaka 2000 ukaanza mpango wa kukodi ardhi. Mwenye shamba alilipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, naye akakubali asiweke ua, asilime, asiuze, asichimbe mawe, awaachie wanyama njia. Walioubuni walikuwa na busara moja ambayo lazima niisifu: fedha zililipwa kwa mafungu matatu kwa mwaka, shule zilipokuwa zikifunguliwa. Hapo utajua kwamba katika kikosi kile alikuwamo mtu aijuaye nyumba ya mfugaji, ajuaye ni siku gani baba humtoa fahali zizini ampeleke mnadani kwa ajili ya karo. Mpango ulianza kwa ekari chache ukafika makumi ya maelfu.

Walakini mfuko ulikuwa mbali. Fedha zilitoka kwa wahisani, na baadaye zikaja kwa njia ya Benki ya Dunia, na fedha za namna hiyo zina tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 tarehe hiyo ilifika. Mwenye shamba aliyekuwa akipokea shilingi 300 kwa ekari akabaki akitazamana na dalali wa viwanja na mwenye lori la mawe, na hao wote wawili walikuja na fedha taslimu. Sisemi kwamba wenye ardhi hawakuwa na chama, walikuwa nacho. Nisemalo ni kwamba mshika mfuko hakulala Kitengela, na mfuko ulipokauka hakulala na njaa.

Jambo jingine lilifanyika papo hapo Kitengela ambalo halikusifiwa sana. Watafiti wa mifugo na wanyama wa mwitu walikuwa na mradi wenye jina la Kimaasai, Reto-o-Reto, maana yake nisaidie nikusaidie. Badala ya kuja na ramani iliyokwisha chorwa, waliajiri wenyeji wawe kiungo kati ya wataalamu na vijiji, na wenye mashamba wenyewe wakatembea na vyombo vya kupimia wakiandika kila ua na kila waya ulipo. Ramani ile ilikuwa na nguvu kwa kuwa mzee akiulizwa nani kasema hapa pana ua, alijibu ni mimi niliyesema. Ikaja kutumiwa katika kupanga matumizi ya ardhi ya tambarare zile. Ramani haikuwazuia madalali, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini mpaka leo ukizungumza juu ya wapi pasijengwe Kitengela, wako wenyeji watakaokuonyesha kwa kidole.

Na wakati wataalamu wakikutana mahotelini juu ya simba wanaokula ng'ombe, mtoto mmoja wa huko, Richard Turere, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja hivi, alikuwa ndiye mlinzi wa zizi la baba yake. Alijaribu moto, simba wakapata mwanga mzuri wa kuwindia. Alijaribu sanamu ya mtu, usiku wa pili simba wakaizoea. Usiku mmoja akizunguka na tochi akagundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Basi akachukua betri ya gari, balbu za tochi na kile kidude cha pikipiki kinachowashawasha taa za kupindia, akaunganisha taa zikawa zinamulika kwa zamu usiku kucha kana kwamba kuna mtu anatembea. Simba wakaacha kuja kwao. Mwaka 2013 aliitwa hadi Marekani kuyaeleza hayo. Mwaka mmoja kabla, mwezi Juni 2012, simba sita waliuawa Kitengela na watu waliochoka kupoteza mifugo. Mimi hujiuliza ni kamati ngapi za simba zilizokuwa zimekutana kufikia siku hiyo, na ni ngapi zilizompa kiti mtu anayelala zizini.

Kwa kuwa nimetaja Kwale, na kwa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake, nitawapeleka Gazi. Hapo Gazi na jirani yake Makongeni, mikoko ilikuwa ikikatwa kwa boriti na kuni mpaka ufuo ukabaki na vipara. Wataalamu wa taasisi yetu ya utafiti wa bahari walikuwa na kituo papo hapo, na kwa miaka mingi walipanda miche na wanakijiji. Mwaka 2013 ukazinduliwa mradi wa Mikoko Pamoja, wa kuhifadhi hekta 117, ambao huuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti ile na matope yake. Yatazameni mafungu yalivyogawanywa. Wanakijiji huchagua kamati yao na huamua barazani fedha ziende wapi, na zimekwenda kwenye maji na shule. Mtaalamu hupima miti. Serikali ndiyo yenye msitu, na imeweka mkataba. Chama kilichoko Uskoti hutafuta wanunuzi. Hapana anayefanya kazi ya mwenzake, na mti ukikatwa usiku hesabu ya mwaka hupungua kwa wote. Mwaka 2017 mradi ulipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa, lakini kwangu tuzo kubwa ni kwamba watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu walikwenda kutazama kwa macho yao kisha wakaanzisha wao.

Sasa atatokea mtu aniambie: mbona nako Gazi mnunuzi yuko mbali, kama alivyokuwa mbali mwenye mfuko wa Kitengela? Ni kweli. Bei ya hewa ukaa hupangwa na watu wasioijua harufu ya matope ya Gazi, na yaweza kuanguka. Ila pana tofauti. Mfugaji wa Kitengela alipokosa ile shilingi 300, nyumbu hakumlipa kitu, bali alimla majani na kumletea ng'ombe maradhi. Mvuvi wa Gazi akikosa fedha za hewa, bado kaa na kamba na vifaranga vya samaki wamo mizizini mwa mikoko, na akina mama bado wana daraja lao la mbao la kutembeza wageni. Hao walikuwa na fungu lao kabla ya mradi kuja, na siku mnunuzi akiondoka mimi nadhani watakaa barazani wagombane usiku kucha, na asubuhi askari wao wa msitu wataingia mikokoni kama kawaida.