Pikapu ya Dubai: Hesabu isiyoandikwa kwenye ankara

WAFANYABIASHARA wengi wanaotafuta pikapu mpya siku hizi hawaanzi safari yao kwa mawakala wa Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam. Huanzia kwenye simu ya mtu aliyeko Dubai. Bei inayotoka huko, hata ikishaongezwa nauli ya meli, bima, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, mara nyingi hubaki chini ya bei ya wakala wa hapa nyumbani. Chapa ni ile ile, umbo ni lile lile, kilometa ni sifuri. Kwa nini basi mtu alipe zaidi?

Swali hilo ni la haki, na safu hii haina nia ya kuwatetea mawakala. Hata hivyo, ankara ya Dubai ina mstari mmoja ambao hauandikwi, nao ni gharama ya matengenezo na dhamana. Mstari huo una bei yake, na si kila mnunuzi anayeweza kuibeba.

Mjomba wangu ni mfanyabiashara wa mbao Mafinga. Aliagiza pikapu mpya ya dizeli yenye kabini mbili kupitia kampuni moja ya Dubai, akafurahi kwa jinsi alivyookoa fedha. Mwezi wa 14, gari likiwa na kilometa 46,000, nozeli zilikufa njiani. Likavutwa hadi mjini. Kwa wakala wa chapa hiyo akaambiwa kwa adabu kwamba namba ya chesisi haimo katika kumbukumbu zao, hivyo dhamana haimhusu, ila watalitengeneza kwa fedha yake. Akampigia simu muuzaji wa Dubai, naye akajibu kwamba dhamana ipo, alete gari Dubai.

"Mpwa wangu," aliniambia, "wewe umesomea biashara. Mimi nilinunua gari au nilinunua kesi?"

Nilimjibu kwamba alinunua gari, lakini hakununua bima yake. Dhamana ya mtengenezaji ni bima, si zawadi ya muuzaji. Kwa kawaida husema miaka mitatu au kilometa 100,000, kipi kitangulie. Katika muda huo, kasoro ya kiwandani ikijitokeza, mtengenezaji hulipa kipuri na ujira wa fundi. Haihusu vitu vinavyochakaa kwa matumizi kama vile breki, klachi na vichujio. Haihusu madhara ya kuzidisha mzigo wala ya mafuta machafu. Na hailipi kipato ulichopoteza gari likiwa gereji.

Angalia maneno "kipi kitangulie". Mtumishi wa ofisini anayeendesha kilometa 15,000 kwa mwaka atatumia miaka yote mitatu. Mjomba wangu, anayekwenda kilometa 40,000 kwa mwaka, atamaliza kilometa 100,000 katika miezi 30. Kwake dhamana ni fupi tangu mwanzo, na hesabu yake lazima ifanywe kwa kilometa, si kwa kalenda.

Kwa nini dhamana hiyo haikumfuata kutoka Dubai? Falme za Kiarabu huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo magari ya soko lao yana usukani wa kushoto. Pikapu ya usukani wa kulia unayoonyeshwa huko haikujengwa kwa ajili ya wateja wa Dubai. Mara nyingi imetoka viwanda vya Thailand, ambako Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi Triton hujengwa kwa wingi. Imepita Dubai kama mzigo wa kusafirishwa tena. Wakala wa Dubai hakuiuza, wakala wa Dar es Salaam hakuiagiza, na wakala wa Bangkok huihesabu kuwa imeshatoka katika soko lake. Gari linabaki bila mwenyewe.

Lipo pia jambo la tarehe. Dhamana huanza kuhesabiwa siku gari linapokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza kwenye kumbukumbu. Kama mnunuzi huyo ni kampuni ya kusafirisha magari, na gari limekaa uwanjani miezi minane likisubiri mteja, basi hata pale dhamana inapotambuliwa utakuwa umeshapoteza miezi minane kabla ya kuwasha injini.

Sasa tufike kwenye namba. Hizi ni za mfano tu, si bei za duka lolote. Msomaji aweke zake. Tuseme wakala wa hapa anauza pikapu kwa shilingi milioni 140, na ya Dubai inakugharimu milioni 122 ikiwa imeshalipiwa kila kitu bandarini. Tofauti ni milioni 18.

Ongeza matengenezo hadi kilometa 100,000. Ratiba za magari ya dizeli kwa kawaida huruhusu kilometa 10,000 kati ya sevisi moja na nyingine, lakini kwa barabara za vumbi na mizigo mizito vitabu vya watengenezaji wenyewe huagiza muda mfupi zaidi. Tuchukue kilometa 5,000, yaani sevisi 20. Kwa wakala, kwa shilingi 600,000 kila moja, ni milioni 12. Kwa gereji nzuri ya mtaani, kwa shilingi 350,000, ni milioni saba. Jumla ya wakala ni milioni 152, ya Dubai milioni 129. Tofauti sasa imefika milioni 23.

Hapo ndipo wengi hufunga daftari wakaagiza. Wasubiri kidogo. Hiyo milioni 23 ndiyo bei halisi ya dhamana, kwa sababu mwenye dhamana analazimika kufuata ratiba ya sevisi na kutunza kumbukumbu zake ili asije akanyimwa haki. Swali linalobaki ni hili: je, bima hiyo ina thamani ya milioni 23?

Nozeli nne za injini ya kisasa, tuseme milioni 2.5 kila moja, ni milioni 10. Pampu ya mafuta milioni tano. Siku 30 za ziada gari likisubiri vipuri kutoka nje, kwa kipato cha shilingi 200,000 kwa siku, ni milioni sita. Jumla milioni 21. Ajali moja ya kiufundi imekula karibu akiba yote, na gharama ya kulivuta gari kutoka porini hatujaihesabu.

Lakini si kila gari huharibika hivyo. Tukisema gari moja kati ya matano hupatwa na balaa hilo, wastani wa hasara kwa kila gari ni milioni 4.2 tu. Kwa hesabu hiyo Dubai inashinda, na mwanafunzi yeyote wa biashara angeishia hapo. Tatizo ni kwamba mwenye gari moja haishi kwa wastani. Yeye hulipa sifuri au hulipa milioni 21 zote kwa mpigo.

Mwenye pikapu 10 ni mtu mwingine. Ameokoa milioni 230. Hata tatu zikiharibika vibaya, atalipa milioni 63 na kubakiwa na 167. Wakati tatu ziko gereji, saba zinafanya kazi. Huyo anaweza kuwa kampuni yake mwenyewe ya bima. Kwake kuagiza nje ni uamuzi wa busara, mradi fedha zilizookolewa ziwekwe kando kweli.

Hapo ndipo mjomba wangu alipoteleza. Kuagiza Dubai halikuwa kosa lake kubwa. Kosa lilikuwa kwamba tofauti ya bei aliitumia papo hapo kwa kununulia mzigo wa mbao, akaihesabu kama faida. Ilikuwa akiba ya nozeli. Gari liliposimama, fedha zilikuwa zimelala kwenye magogo, na marejesho ya mkopo wa benki hayakusimama hata mwezi mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Liko na suala la gari lenyewe. Pikapu iliyojengwa kwa soko lenye masharti makali ya moshi inaweza kuwa na chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo linahitaji dizeli safi na safari ndefu za mwendo ili lijisafishe. Dizeli inayokubalika Afrika Mashariki tangu mwaka 2015 ni ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Viwango vya Ulaya hudai sehemu 10. Hata kwenye nchi zenye dizeli safi chujio hilo limeleta balaa. Nchini Australia, Toyota ilishitakiwa na wamiliki wa magari ya dizeli zaidi ya 260,000, Hilux zikiwamo, yaliyouzwa kuanzia mwaka 2015 hadi 2020, na mwaka 2022 mahakama ilikubali kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro. Wenye magari walikuwa na wakala wa kumrudia na mahakama ya kumfikisha. Mnunuzi wa Mafinga mwenye ankara ya Dubai anayo simu tu.

Kwa hiyo anayeagiza nje ajue maswali ya kuuliza kabla ya kutuma fedha. Kwanza, achukue namba ya chesisi na kumwandikia wakala wa hapa: je, mtaitambua dhamana ya gari hili, na kompyuta yenu italisoma? Jibu la mdomo halitoshi. Pili, aulize gari lilijengwa kwa soko gani na kama lina chujio la masizi. Matoleo yasiyo na chujio hilo hujengwa pia kwa masoko mengi ya nje. Tatu, aulize tarehe ya kuanza kwa dhamana. Nne, apite Gerezani na Kariakoo aulize kama vichujio, nozeli na pampu ya injini hiyo hiyo vipo dukani au ni vya kuagiza.

Na hata anayenunua kwa wakala asilale. Nozeli zilizokufa kwa dizeli iliyochakachuliwa hazilipwi na dhamana yoyote. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri. Tunza risiti za vituo vya mafuta pamoja na kitabu cha sevisi. Siku ya ubishi ndiyo ushahidi wako.

Mawakala nao wana deni kwa soko hili. Wanalalamika kwamba magari ya Dubai yanawanyang'anya wateja, lakini bei za sevisi zao mteja huzijua anapofika kaunta. Kama dhamana ndiyo bidhaa wanayouza zaidi ya mshindani wao, basi waiweke mezani: orodha ya bei ya sevisi zote hadi kilometa 100,000, ibandikwe ukutani karibu na bei ya gari, pamoja na ahadi ya idadi ya siku za kusubiri kipuri. Mnunuzi akiona namba zote mbili atalinganisha mwenyewe.

Ushauri wa safu hii ni mfupi. Mwenye gari moja, hasa la mkopo, anunue pale dhamana inapotambulika, hata kwa bei ya juu. Mwenye magari mengi aagize anakotaka, lakini afungue akaunti ya matengenezo siku ile ile anayotuma fedha Dubai. Mjomba wangu ameshafungua yake. Amechelewa, lakini anasema pikapu ya pili haitamkuta mikono mitupu.