Kabla ya Kumwita Mshamba, Uliza Wimbo Ni wa Nani

Msichana amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya kupanga. Gitaa liko pajani, kofia ya cowboy kichwani, na wimbo ni wake mwenyewe, kuhusu mama yake na deni la dukani. Anaposti klipu ya dakika moja. Chai haijapoa, mahakama ya mitandaoni imeshakaa na hukumu imeshatoka. Ati mshamba. Ati anaiga wazungu. Ati hizo ni nyimbo za matanga. Na ile ya kufunga kazi: hana koneksheni huyo, hatoboi.

Jina lake liachwe, maana wako wengi. Wako Nairobi, wako Nakuru, wako Eldoret, na wote wameambiwa maneno hayohayo. Wanaoyasema nao wanajijua. Kuna promota anayemwambia msichana aweke gitaa chini aimbe juu ya biti inayovuma wiki hii. Kuna mtangazaji anayemcheka hewani, halafu Jumapili huyohuyo anapiga Jim Reeves na Dolly Parton mfululizo, na simu za wasikilizaji hazikatiki. Kuna staa mwenye picha za magari matatu ambaye hajawahi kuandika hata ubeti mmoja. Hao ndio mahakimu.

Basi mashtaka yasikilizwe moja moja.

La kwanza: anaiga wazungu. Hapa watu wanaongea tu. Ile banjo inayosikika kwenye kantri ilifika Marekani na Waafrika waliouzwa utumwani. Walizijua ala za aina hiyo kwao Afrika Magharibi, wakaziunda upya kwa vibuyu na ngozi. Mmoja wa mastaa wa mwanzo wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville kilichoijenga kantri, alikuwa DeFord Bailey, Mmarekani Mweusi mpiga hamonika. Hank Williams, anayesujudiwa na kila mpenzi wa kantri, alifundishwa gitaa akiwa mtoto na mwanamuziki Mweusi wa mitaani, Rufus Payne. Sasa aliyeiga ni nani, na aliyeigwa ni nani?

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika kwa Wakipsigis na mashine yake ya kurekodi. Akawakuta wasichana wakiimba kuhusu mtu wanayemwita Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Wale wasichana hawakukariri nyimbo zake. Walichukua jina, wakalipa matamshi yao, wakatunga wimbo wao kwa lugha yao. Zaidi ya miaka 70 imepita, na leo mtu wa mjini anamwambia binti wa Kenya kwamba gitaa na hadithi ya kijijini si vyake. Huo ushamba uko upande gani hapo?

La pili: bila koneksheni hatoboi. Hili lina ukweli kidogo, ndiyo maana linauma. Lakini wanaolisema huwa wanaikata hadithi katikati. Mfano mzuri ni Tracy Chapman, kwa sababu wengi wanaujua wimbo wake na wachache wanaijua njia yake.

Alizaliwa Cleveland, Ohio, mwaka 1964, akalelewa na mama peke yake. Pesa zilikuwa za shida, ila mama alimnunulia ukulele akiwa na miaka mitatu. Akiwa na miaka minane alikuwa anapiga gitaa na kutunga nyimbo, na mwenyewe amesema huenda hamu ya gitaa ilianzia kwenye Hee Haw, kipindi cha televisheni cha muziki wa kantri na vichekesho. Mtoto Mweusi wa mjini, mbele ya TV, anatazama watu waliovalia kama wakulima. Angekuwa mtaani kwetu angechekwa hadi aliuze hilo gitaa.

Alipata ufadhili wa kusoma shule ya bweni, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Tufts kusoma anthropolojia. Akiwa mwanafunzi alikuwa anasimama Harvard Square na kwenye stesheni za treni za Boston, anaimba huku wapita njia wanatupia sarafu. Ndiyo, koneksheni ilikuja. Mwanafunzi mwenzake alimsikia, akamfikisha kwa baba yake aliyekuwa kwenye biashara ya muziki. Watu wa koneksheni hushangilia hapo na kufunga ukurasa. Lakini huyo kijana alisikia nini? Alisikia nyimbo zilizokwisha kuandikwa, na mkono uliokuwa umeshika gitaa kwa zaidi ya miaka kumi. Koneksheni ni mlango tu. Ukifunguliwa na huna wimbo, utaingia, utapiga selfie, utatoka.

Tazama kilichotokea tarehe 11 Juni 1988, uwanja wa Wembley, London. Lilikuwa tamasha la miaka 70 ya Nelson Mandela, ambaye bado alikuwa gerezani. Chapman alikuwa ameshaimba mapema siku hiyo na kazi yake ilikuwa imeisha. Ikafika zamu ya Stevie Wonder, na diski iliyobeba muziki wake haionekani. Hakuna diski, hakuna shoo. Nani apande sasa hivi, bila bendi, bila muda wa kufunga mitambo? Akapanda Chapman tena, yeye na gitaa lake tu, mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni duniani. Akaimba "Fast Car". Ule wimbo ukapaa hadi nafasi ya sita kwenye chati kuu ya Marekani, na mwaka uliofuata akabeba Grammy tatu, mojawapo ya albamu bora ya folk ya kisasa. Wengine wataita bahati. Sawa, lakini bahati ilimkuta na kitu mkononi. Wangapi kati ya mastaa wa biti leo wanaweza kushika dakika tano umeme ukipotea?

La tatu ndilo la pesa, na ndilo ambalo mapromota hawapendi liguswe: wimbo ni wa nani? "Fast Car" aliuandika Chapman peke yake. Mwaka 2023 Luke Combs, staa wa kantri, aliuimba upya, ukafika namba moja kwenye chati ya redio za kantri Marekani. Novemba mwaka huohuo CMA, chama cha muziki wa kantri, kikautangaza Wimbo wa Mwaka. Tuzo hiyo ni ya mtunzi, kwa hiyo ilikwenda kwa Chapman, mtunzi wa kwanza Mweusi kuipata. Hata ukumbini hakuwepo. Miaka 35 baada ya kuutoa, mtu mwingine aliimba na mtunzi akalipwa, kwa sababu jina lilikuwa pale lilipopaswa kuwa.

Sasa rudi kwa yule msichana wa kiti cha plastiki. Hatari yake kubwa si kuitwa mshamba. Kejeli zinamchosha, anaanza kujiona hana thamani, na wiki hiyohiyo promota anamjia na shilingi elfu chache na karatasi ya kusaini. Wimbo wa deni la mama unageuka mali ya studio. Unapewa biti, unapewa sura nyingine, unakuwa hiti, na yeye anausikia kwenye matatu kama abiria yeyote. Mnaomcheka mnamlainishia mnunuzi. Hamlipwi hata senti kwa kazi hiyo.

Kama wimbo wake ni mbaya, semeni ni mbaya. Semeni sauti inayumba, semeni ubeti wa tatu umerefuka, semeni gitaa halijatyuniwa. Hiyo ni haki ya msikilizaji na inamjenga msanii. Lakini kofia si kosa. Kijiji si kosa. Kuchelewa kutoboa si kosa.

Na yeye asisaini chochote wiki hii. Aandike tarehe na jina lake juu ya kila wimbo, ausajili, kisha arudi pale nje akaimbe. Wewe unayetaka kucheka, subiri kwanza amalize ubeti wa pili. Ule wa deni la dukani. Huenda ni duka ambalo hata mama yako analijua.