Shahada na Randa

Kila yatangazwapo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, hufuata majuma ya khofu na hesabu, kwani aliyepata C+ na zaidi hufunguliwa mlango wa chuo kikuu, ilhali aliyepungukiwa huambiwa na jamaa zake, kwa sauti ile ile ya kumpa mfiwa mkono wa taazia, kwamba asivunjike moyo, ufundi bado upo. Taazia hiyo ndiyo nisiyoiafiki.

Makerere, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa tamaa ya kila kijana mwerevu wa Afrika Mashariki, na ambako Julius Nyerere alisomea ualimu kabla ya kwenda Edinburgh, ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa skuli ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliokuja kujifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kadhalika hapa Mombasa, chuo kilichoanza kusomesha vijana wa Kiislamu mwaka 1951, kwa michango ya Sultani wa Unguja, ya Aga Khan na ya jamaa wa Kibohora, hakikukusudiwa kutoa makarani bali mafundi. Chuo hicho baadaye kikawa Politekniki ya Mombasa, na mwaka 2013 kikatawazwa kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi. Politekniki ya Kenya, ile ya Nairobi, nayo ilipandishwa vivyo hivyo, zikabaki za Kisumu na Eldoret peke yake. Kisha haikupita miaka mingi serikali ikalazimika kuvipa vyuo vingine daraja hiyo ya politekniki iliyoachwa wazi, kikiwamo kimoja cha papa hapa Mombasa. Ni ajabu ya mwenye kubomoa ngazi akiisha kupanda, kisha akatafuta mbao za kuunda nyingine.

Lakini haingekuwa insafu kuwalaumu wazee waliozikimbia karakana. Katika enzi ya ukoloni Mwafrika aghalabu alifundishwa kazi za mkono ili asidai kiti cha ofisini, na ofisini ndiko kulikokuwa na mshahara, nyumba na heshima. Kwa hivyo mzee aliyeuza shamba lake la minazi ili mwanawe apate shahada hakuwa mpumbavu wala mwenye makuu, bali aliyajua vema mambo ya zama zake, na zama hizo, ambazo nchi changa ilihitaji kwa haraka mahakimu, madaktari na makatibu wa wizara, zilimlipa. Sisi wajukuu tumeirithi rai yake, illa zama zake hatukuzirithi: leo wenye shahada ni wengi kuliko viti, na kumpata fundi wa umeme aliyesoma kazi yake, asiyebahatisha nyaya, ni mashaka ya kila mwenye nyumba.

Kwa kijana ambaye nia yake imekwisha kukata juu ya udaktari, uhakimu au uhandisi, hakuna cha kujadili. Mlango wa kazi yake umo chuo kikuu, na gharama yake ni halali yake. Ninayemhofia ni yule apangiwaye fani asiyoitaka, kwa kuwa tu alama zake zimetosha kuingia, akakaa miaka minne akingojea kujua anachokipenda, na mwaka mmoja baada ya kuhitimu akaanza kudaiwa na Bodi ya Mikopo, HELB, pamoja na riba ya asilimia 4, kazi apate asipate. (Riba hiyo, kwa familia nyingi za pwani, ina uzito wa dini mbali na ule wa fedha.) Huyo, kwa rai yangu, angepata faida zaidi lau angeanza na stashahada ya umeme, ya mitambo ya baridi au ya ubaharia, akaingia kazini, na maadamu vyuo vikuu vyetu huwapokea wenye stashahada, akarudi darasani siku za mbele akijua analolitafuta na akiwa na chake mfukoni.

Mzazi naye, kabla ya kulitukuza jina lililoandikwa langoni, na aombe aoneshwe karakana: aulize ni mashine ngapi zifanyazo kazi, ni wanafunzi wangapi washirikianao mashine moja, na waliohitimu mwaka juzi wako wapi sasa.