Risasi Ndogo ya Mwindaji wa Karamoja

Wengi hudhani kwamba mnyama mkubwa hudai risasi kubwa. W.D.M. Bell, mzaliwa wa Skotlandi aliyewinda ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, hakukubaliana nao. Wawindaji wengine walibeba bunduki nzito, ambazo vichwa vya risasi zake vilizidi gramu 30. Yeye alipendelea risasi ya Mauser ya milimita 7, yenye kichwa cha gramu 11 hivi.

Sababu zake zilikuwa tatu. Kwanza, bunduki yake ilikuwa nyepesi, wala haikumsukuma begani kwa nguvu. Hivyo mkono ulitulia. Pili, kichwa cha risasi kilichovikwa madini magumu hakikutawanyika, bali kilipenya fuvu moja kwa moja. Tatu, risasi hizo ziliaminika. Na mbele ya ndovu aliyeghadhibika, risasi inayogoma ni mauti.

Juu ya hayo, Bell alipasua fuvu la ndovu apate kujua mahali ulipo ubongo. Anayeiga risasi yake bila elimu hiyo atajeruhi tu. Ndovu waliouawa kwa mkono wake walizidi 1,000, hesabu ambayo leo huwahuzunisha wengi. Hata hivyo, funzo kwa mshika silaha limebaki: shabaha kwanza, ukubwa wa risasi baadaye.